Mlezi mwenza ndiye mshindani: hesabu ya uzazi katika mbuga zetu

Simba jike wa Serengeti akikaribia kujifungua hujitenga na kundi, akatafuta kichaka au upenyo wa miamba, akazalia huko na kuwaficha watoto wake peke yake. Wakifikisha wiki sita hivi huwatoa na kuwapeleka kwa wenzake waliozaa karibu na siku hizo. Kuanzia hapo watoto wote hulelewa pamoja: hulala pamoja, hutembea pamoja, na mara nyingine mmoja hunyonya kwa jike asiyemzaa. Picha za malezi hayo zimepamba kalenda na vipeperushi vya utalii kwa miaka mingi, na anayezitazama huwa mwepesi wa kusema kwamba hapo pana umoja ambao binadamu tumeupoteza. Umoja upo kweli. Lakini ukiuliza umetoka wapi, ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne haujibu kwamba umetokana na upole, wala na udugu mtupu. Malezi ya pamoja kwa wanyama yamezaliwa na ushindani wa kuzaa, yanalindwa na ushindani huohuo, na ushindani ukibadilika sura nayo hubadilika au huvunjika.

Hoja hiyo inahitaji kujengwa taratibu, kwa sababu kwa muda mrefu wataalamu wenyewe waliitazama kinyume. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi na kile cha 1871 kilichochambua uteuzi wa kijinsia, alionyesha kwamba viumbe hawagombei chakula peke yake, bali pia wenzi na nafasi ya kuacha kizazi. Sasa inakuwaje mnyama aache kuzaa, kisha atumie nguvu zake kumlelea mwingine? Jibu lililopendwa hadi miaka ya 1960 ni kwamba wanyama hujinyima kwa manufaa ya kundi au ya spishi nzima, na V. C. Wynne-Edwards alilitetea kwa nguvu mwaka 1962. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: katika kundi la wanaojinyima, akitokea mmoja asiyejinyima, watoto wake watakuwa wengi kuliko wa wenzake, na baada ya vizazi kadhaa tabia ya kujinyima itakuwa imetoweka. Mwaka 1964 Mwingereza W. D. Hamilton alileta hesabu nyingine. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki vinasaba kwa kiwango cha nusu, sawasawa na mzazi na mwanawe. Binamu wa kwanza hushiriki moja ya nane. Kumsaidia ndugu kunalipa ikiwa faida anayoipata, baada ya kupunguzwa kwa kiwango cha undugu, inazidi gharama ya msaidizi. Hesabu hiyo ilifungua mengi, ila iliwaacha wengine wakidhani kwamba penye damu moja pana amani. Wanyama wa Afrika Mashariki, ambao baadhi yao wamefuatiliwa kwa muda mrefu kuliko karibu wanyamapori wengine wowote, wameonyesha kwamba sivyo.

Turudi kwa simba. George Schaller alianza kuwachunguza Serengeti mwaka 1966, na tangu 1978 kazi hiyo ikaendelezwa na Craig Packer na Anne Pusey. Kilichoonekana ni kwamba madume hulitawala kundi la majike kwa muda mfupi, mara nyingi miaka miwili au mitatu, kabla ya kufukuzwa na madume wengine. Jike mwenye watoto wadogo hashiki mimba nyingine hadi wale wakue, na hilo huweza kuchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Dume mgeni mwenye miaka miwili tu ya utawala hawezi kusubiri hivyo. Akiingia, huwaua watoto wadogo aliowakuta, na mama zao huingia joto tena mapema. Packer na Pusey walikadiria kwamba takribani robo ya vifo vya watoto wa simba katika mwaka wa kwanza husababishwa na mauaji ya aina hii. Malezi ya pamoja yanaeleweka ukiyaweka mbele ya hatari hiyo. Jike mmoja hana ubavu wa kumzuia dume. Majike wawili au watatu wakisimama bega kwa bega wana nafasi ya kuwaokoa baadhi ya watoto. Hata kalenda ya malezi hupangwa na ukatili huo, kwa kuwa majike waliopoteza watoto kwa wakati mmoja hushika mimba karibu wakati mmoja, na kwa hiyo huzaa watoto wa umri unaolingana, wanaoweza kulelewa kwa pamoja.

Atakayesema kwamba majike hukusanyika ili kugawana maziwa atazame kunyonyesha kwenyewe. Watafiti waliokesha na simba waligundua kwamba mtoto asiye wa jike fulani hufanikiwa kunyonya zaidi jike huyo akiwa amelala. Akiwa macho humfukuza kwa kumkoromea au kumzaba kofi. Wanaovumilia zaidi ni majike wenye watoto wachache na maziwa ya ziada, hasa watoto wa wenzao wakiwa ni wa ndugu wa karibu. Kunyonyesha mtoto wa mwenzako, basi, ni gharama ya kukaa karibu naye. Faida yenyewe ni ulinzi.

Kwa upande wa madume, wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini simba dume hukaa hata saba. Wanalazimika, kwa sababu dume aliye peke yake ni nadra kuteka kundi la majike, na akiliteka halishiki kwa muda mrefu. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 1991 vilionyesha jambo la kuvutia kuhusu miungano hiyo. Ikiwa na madume wawili, uzazi hugawanyika kwa kiasi fulani cha haki, na wenza wanaweza wasiwe ndugu kabisa. Idadi ikiongezeka, wachache huzaa watoto wengi na wengine huambulia patupu; na miungano mikubwa ya namna hiyo ilikuwa ya ndugu watupu. Maana yake ni kwamba dume hukubali kuwa wa nne au wa tano katika foleni iwapo tu anayezaa ni kaka yake au binamu yake. Kwa mgeni, kusubiri hivyo hakumlipi, kwa hiyo hatumkuti pale.

Kama simba wanashirikiana dhidi ya adui wa nje, nguchiro wenye mistari mgongoni wanashirikiana wakati adui yuko ndani. Wanyama hawa wadogo wamefuatiliwa tangu miaka ya 1990 na kundi la watafiti wakiongozwa na Michael Cant katika rasi ya Mweya, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Majike kadhaa wa kundi moja hushika mimba pamoja, na mara nyingi wote hujifungua usiku mmoja, ndani ya shimo moja. Ulinganifu huo wa ajabu una sababu mbili zinazosukuma kutoka pande mbili. Anayezaa mapema huhatarisha watoto wake, kwa kuwa majike ambao bado hawajajifungua huweza kuwaua bila kuogopa kumgusa wa kwao. Anayezaa kwa kuchelewa huleta watoto wadogo watakaozidiwa nguvu na waliotangulia. Katikati ya hatari hizo mbili hubaki usiku mmoja tu ulio salama. Tena majike wakubwa huwafukuza majike wadogo kutoka kundini pale wajawazito wanapozidi, kwa kuwakimbiza na kuwauma hadi watoke.

Na hapohapo, katika shimo lenye historia hiyo ya damu, ndipo yanapotokea malezi ya haki kuliko karibu yote yanayofahamika kwa wanyama. Watoto wote wakizaliwa usiku mmoja gizani, hakuna mama anayeweza kutambua nani ni wa nani. Watafiti waliijaribu hali hiyo kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2021: nusu ya majike wajawazito walipewa chakula cha ziada, na nusu hawakupewa. Kama ilivyotarajiwa, waliokosa chakula walizaa watoto wadogo zaidi. Lakini baada ya watoto kutoka shimoni na kuanza kufuatana na wakubwa wa kuwalisha, majike walioshiba hawakuelekeza nguvu zao kwa watoto wakubwa, ambao huenda walikuwa wa kwao. Waliwahudumia zaidi wale wadogo, na tofauti ya ukubwa ikafutika. Watafiti waliikumbuka fikra ya mwanafalsafa John Rawls, kwamba sheria ya haki ni ile ambayo mtu angeichagua kabla ya kujua yeye mwenyewe atazaliwa upande gani. Nguchiro hajasoma falsafa. Kilichomfikisha hapo ni tishio: mauaji yaliwasukuma mama wazae pamoja, kuzaa pamoja kukaficha uzazi, na kufichika kwa uzazi kukafanya kumpuuza mtoto yeyote kuwe ni kujihatarisha. Haki hiyo ni tunda la ugomvi.

Inawezekana mtu akasema kwamba hao ni wanyama wakali, na kwamba kwa ndege wapole mambo ni tofauti. Kando ya Ziwa Nakuru nchini Kenya, Stephen Emlen na Peter Wrege waliwachunguza keremkerem wenye paji jeupe, ndege wala nyuki wanaochimba viota vyao kwa kutoboa kingo za udongo. Kiota huwa ni shimo la kwenda ndani karibu mita moja, na jozi nyingi husaidiwa na ndege mwingine mmoja au zaidi kutoa ulinzi na kulisha makinda. Wasaidizi karibu wote ni ndugu, hasa watoto wa kiume wa jozi hiyo. Kwa muda mrefu hii ilionekana kuwa familia ya mfano. Kisha mwaka 1992 watafiti hao wakaeleza namna wasaidizi wanavyopatikana. Baba huenda kwenye kiota cha mwanawe aliyekwisha oa, humkimbiza, humzuia asimlishe mkewe, na huketi mlangoni kwenye shimo ili wenyewe wasiingie. Husumbua hivyo mpaka mwana anaacha kujaribu kuzaa mwaka ule, kisha anarudi nyumbani kulisha wadogo zake. Mwana hapigani sana, na hesabu inaeleza sababu. Katika mazingira yale magumu jozi isiyo na msaidizi hukuza makinda machache mno, na msaidizi mmoja huongeza kwenye kiota cha wazazi idadi inayokaribiana na ile ambayo angeikuza kwake. Wadogo zake wana damu yake kwa kiwango kilekile cha watoto wake. Yeye hapotezi karibu chochote, ila baba anafaidika zaidi, kwani kwake wanawe ni nusu na wajukuu ni robo. Msaada upo, na undugu upo, lakini kinachouanzisha msaada ni shinikizo la mwenye nguvu dhidi ya asiye na sababu ya kutosha ya kukataa.

Pingamizi la kwanza la maana linatoka kwa wanaosema kwamba ushirikiano huletwa na ugumu wa mazingira, na kwamba ushindani umepewa sifa isiyo yake. Wana ushahidi. Dustin Rubenstein na Irby Lovette walilinganisha spishi 45 za kwezi wa Afrika na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba kulea kwa ushirika kumeenea zaidi kwa wale wa savana, ambako mvua haitabiriki, kuliko kwa wale wa msituni. Ushahidi huo ni sahihi, lakini haujibu swali la nani atamsaidia nani. Kwa swali hilo tuwatazame midiria weusi kwa weupe waliochunguzwa na Heinz-Ulrich Reyer katika Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Kwa ndege hawa madume ni wengi kuliko majike, kwa hiyo kila msimu wako madume wasio na mwenzi. Baadhi huwasaidia wazazi wao. Wengine huenda kwenye viota vya wasio ndugu zao wakiwa wamebeba samaki mdomoni, na mwanzoni hupokewa kwa vita. Naivasha, ambako uvuvi ni mwepesi, wenyeji huendelea kuwafukuza. Victoria, ambako kupata samaki ni kazi nzito zaidi, wenyeji hulegeza msimamo, na mgeni hukubaliwa. Reyer alipowaongezea makinda ndege wa Naivasha, nao wakaanza kuwapokea wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji wa Naivasha alishapona tayari, na alijua mgeni anatafuta nini. Wageni hao hufanya kazi kwa kujipima, huishi hadi mwaka unaofuata kwa wingi kuliko wale watoto wanaojitoa kwa wazazi, na baadhi yao huishia kumpata jike yuleyule waliyemsaidia. Mazingira, kwa hiyo, hupanga bei ya ushirikiano. Nani ailipe na kwa masharti gani huamuliwa na wanaogombea kuzaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wako wanyama ambao ushirikiano wao umekamilika kiasi kwamba ushindani hauonekani. Mfano unaotajwa daima ni fuko uchi wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia, ambaye Jennifer Jarvis alieleza mwaka 1981 kwamba anaishi kama mchwa au nyuki. Katika koloni lenye makumi ya wanyama, na mara nyingine zaidi ya 200, huzaa jike mmoja pamoja na madume wachache. Wengine wote huchimba, hutafuta mizizi na kuwatunza watoto. Hata hivyo utulivu huo una mlinzi. Malkia huzunguka kwenye mashimo akiwasukumasukuma wafanyakazi, na majike wengine hubaki bila kupevuka kiuzazi akiwa hai. Siku akifa au akidhoofika, majike wale wapole huanza kupevuka na kupigana, wakati mwingine hadi kuuana, mpaka mmoja anapokalia nafasi. Ushindani ulikuwepo muda wote, umezuiwa tu. Penye nafasi moja ya kuzaa, amani ndefu haimaanishi kwamba hakuna anayeitaka.

Wapo pia wanaokataa lugha yote hii ya hesabu, wakisema mnyama hajui nusu wala robo. Ni kweli hajui, wala hoja haimdai ajue. Simba jike hapigi hesabu kabla ya kuungana na wenzake. Ila majike waliokuwa na mwelekeo wa kuungana walibakiwa na watoto wengi kuliko waliojitenga, na mwelekeo huo ukarithiwa. Hesabu imefanywa na vizazi, na mnyama anayeishi leo amebeba jibu lake tu. Wala maelezo haya hayamkanushii mnyama hisia. Yawezekana kabisa kwamba kinachomsukuma jike wakati ule ni mapenzi kwa watoto na mazoea kwa wenzake. Swali letu ni kwa nini wanyama wenye mapenzi ya namna hiyo ndio waliobaki.

Lipo, mwisho, pingamizi la kimaadili: je, tukisema kwamba mauaji ya watoto na ubabe wa baba ni sehemu ya maumbile, hatuwapi watu kisingizio? Hatuwapi. Kueleza jinsi tabia ilivyotokea si kuihalalisha, na binadamu ana sheria, dini na dhamiri ambazo simba hana. Ikiwa kuna la kujifunza, si la kuiga. Ni kwamba ushirikiano unaodumu haukungoja washiriki wawe watakatifu. Hata wasio ndugu hufika hapo wakikaa pamoja muda wa kutosha: utafiti wa miaka 20 kuhusu kwezi maridadi wa Mpala, Laikipia, uliochapishwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba ndege hawa huwasaidia ndugu kwanza, lakini pia husaidiana na wasio ndugu kwa zamu, anayesaidiwa leo akiwa msaidizi miaka michache baadaye. Kilichohitajika ni maisha marefu katika kundi moja na mvua isiyoaminika, si tabia njema ya kuzaliwa nayo.

Kuelewa haya kuna matumizi ya moja kwa moja kwetu. Anayedhani kundi la simba ni familia yenye baba wachache wasiofanya kazi atasema kwamba kumuua dume mmoja kwa ajili ya ngozi na kichwa chake ni kupunguza mmoja tu. Anayejua ushindani uliolijenga kundi hilo ataona kwamba muungano uliopoteza dume unaweza kufukuzwa, wageni wakaingia, na watoto wadogo wakauawa wote. Ndiyo maana Karyl Whitman, Packer na wenzao, katika utafiti wa mwaka 2004 uliotegemea kumbukumbu za simba wa Tanzania, walionyesha kwamba uwindaji wa kitalii huleta madhara madogo ukiwagusa madume waliofikisha miaka 5 au 6, ambao watoto wao wa kwanza wamekwisha kukua, na kwamba umri huo unaweza kukadiriwa kwa kutazama weusi wa pua. Tanzania imeuweka umri wa miaka 6 katika kanuni zake. Kanuni hiyo isimamiwe bila kulegezwa katika kila kitalu cha uwindaji, na hesabu yake ifanywe vilevile pale simba dume anapouawa kwa sumu au mkuki baada ya kula ng'ombe: mfugaji alipwe fidia yake mapema na zizi lake liimarishwe, kwa sababu dume akiuawa, watoto aliowaacha hupungukiwa na ulinzi dhidi ya wageni.